Kabla Hujanunua Sanduku la Safari

Barua zenu mnazozisukuma chini ya mlango wa ofisi ya parokia nazipata, na nazisoma zote. Juma lililopita mzazi mmoja ameniuliza hivi: "Bwana Karani, mwanangu anasafiri mbali. Majirani wanasema sharti nimnunulie sanduku kubwa, lile gumu la magurudumu. Je, hiyo ni mali, au ni kutupa fedha ya nyumba?" Si yeye peke yake. Tangu mwaka huu uanze, wazazi wanne wameniuliza neno hilo hilo, wengine wakiwa mlangoni tu, baada ya kuchukua vyeti vya ubatizo.

Basi leo nitawajibu. Nitajibu kwa mambo niliyoyaona kwa macho yangu, maana mwezi wa Julai mwaka 2025 jambo hili lilibisha hodi nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa analima kahawa na maharage katika vilima vya Mbinga, na shamba lake la maharage bado analilima kwa ngoro kama walivyolima wazee. Binti yake wa kwanza alipata nafasi ya kusomea ufamasia katika mji wa Pune, huko India. Karatasi zote zilipokwisha kutimia, dada alikuja ofisini kwangu. Hakukubali kukaa. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa shilingi 150,000, akaziweka juu ya daftari la ndoa.

"Mdogo wangu," akasema, "hii ni fedha ya kahawa. Wewe ndiwe uliyesoma. Twende Songea ukanichagulie sanduku. Liwe kubwa, liwe gumu, na ling'ae. Sitaki mwanangu ashuke katika ndege watu wakamtazama kama mtu aliyefukuzwa kwao."

Nilinyamaza kidogo. Msidhani nilikuwa nafikiri bei. Nilikuwa nakumbuka sanduku jingine, na habari yake sikupata kumwambia dada yangu. Ninyi nitawaambia kwanza.

Mwaka 2011 nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, nyumbani kwetu hapakuwa na sanduku. Dada yangu aliuza magunia mawili ya maharage akanipa fedha. Nikaenda stendi, nikaona juu ya meza sanduku jekundu linang'aa kama gari jipya. Mwenye meza akaniapia kwamba hata tembo akilikanyaga halivunjiki. Sikuuliza neno lingine. Nikalipa. Nikalijaza vitabu, viatu, pasi ya mkaa na karanga za mama, hata ilinibidi kulikalia ndipo lifunge. Kabla sijafika kwenye basi, gurudumu moja lilizama katika kokoto likang'oka. Utingo akalisukuma ndani ya buti, na juu yake akatupia viroba vya mchele. Tulipofika, pembe moja ilikuwa imepasuka kama ganda la yai, na zipu imeachia. Niliingia chuoni nimelifunga kwa kamba ya katani, na kwa miaka miwili wenzangu waliniita Bwana Katani.

Nyumbani niliandika kwamba nimefika salama na sanduku ni zuri. Nusu ya barua ile ilikuwa kweli.

Basi tulikwenda Songea, dada, mpwa wangu na mimi. Katika duka moja tulikuta masanduku makubwa matatu. La kwanza lilikuwa la rangi ya dhahabu, linameta hata ukajiona uso, nalo bei yake shilingi 140,000. La pili lilikuwa la buluu, halina mng'ao, lina mistari ya matuta kama paa la bati, nalo bei yake shilingi 85,000. La tatu lilikuwa jeusi, zuri kabisa, lakini bei yake ilikuwa shilingi 190,000, kwa hiyo tulilisalimu tukaliacha. Dada akaweka mkono juu ya lile la dhahabu na hakuuondoa.

Hapa, msomaji, ndipo penye fundisho la kwanza. Masanduku haya yote huitwa magumu, lakini hayakufanywa kwa kitu kimoja. Fungua sanduku utazame kipande cha kitambaa au karatasi kilichobandikwa ndani. Mara nyingi utaona herufi. Ukiona ABS, hiyo ni plastiki nyepesi, ngumu na ya bei ndogo, nayo hupokea rangi na mng'ao vizuri sana. Ugumu wake ndio udhaifu wake, maana ikipigwa kwa nguvu, hasa penye pembe, hupasuka. Ukiona PC, hiyo ni polikaboneti. Hujikunja ikipigwa kisha hurudi mahali pake, nayo huuzwa ghali zaidi. Pengine utaona ABS na PC zimeandikwa pamoja, maana yake zimechanganywa. Ukiona PP, hiyo ni polipropilini. Usiogope jina lake refu. Ndiyo plastiki ile ile inayofumwa viroba vya mchele na unga, na viti vingi vya plastiki tunavyokalia harusini vimefanywa kwa hiyo. Haipendezi sana machoni, lakini ni nyepesi, yakubali kupindwa, wala haipasuki upesi. Adui yake ni jua. Mmekwisha kuona jinsi kiroba kilichoachwa juani miezi mingi kinavyogeuka unga mkononi. Kwa hiyo sanduku la namna hiyo lisiwekwe uani.

Kama hakuna herufi, tumia kiganja. Mwombe mwenye duka ruhusa, kisha bonyeza ubavu wa sanduku katikati. Likiingia ndani kidogo na kurudi bila alama, ni vizuri. Likilia kwa mkwaruzo, au likibaki na mstari mweupe mahali ulipobonyeza, jua kwamba plastiki hiyo imeanza kuchoka nawe hujaondoka dukani. Nililibonyeza lile la dhahabu. Likabaki na kijistari cheupe, chembamba kama uzi. Nililibonyeza la buluu. Likaingia, likarudi, wala halikusema kitu.

"Hilo la buluu limenuna," akasema dada.

"Dada," nikamwambia, "halikuja kucheka nasi. Limekuja kubeba mzigo."

Fundisho la pili ni magurudumu. Watu wengi hutazama rangi kwanza na magurudumu mwisho, na hilo ndilo kosa langu la mwaka 2011. Masanduku ya magurudumu si ya zamani sana. Mmarekani mmoja, Bernard Sadow, alipata hataza ya sanduku lake la kuvutwa mwaka 1972. Lilikuwa na magurudumu manne na kamba ya kulivuta kama mbuzi. Mwaka 1987 rubani Robert Plath akafanya lile la kusimama, lenye magurudumu mawili na mpini mrefu. Nawaeleza hayo mjue kwamba vitu hivi vilifikiriwa kwa ajili ya sakafu za viwanja vya ndege, laini kama meza. Havikufikiriwa kwa ajili ya njia ya kutoka kisimani.

Magurudumu mawili huwa yamezama ndani ya mwili wa sanduku, kwa hiyo hayagongwi ovyo, nayo hustahimili kokoto zaidi. Magurudumu manne yanayozunguka kila upande hufanya sanduku litembee pembeni yako bila kukuchosha mkono, lakini yamening'inia nje kama miguu ya kuku, na likitupwa ndiyo yanayopokea pigo kwanza. Yote mawili yafaa, ikiwa unajua utapita wapi. Pindua sanduku utazame jinsi gurudumu lilivyoshikizwa. Likiwa limefungwa kwa skrubu, siku moja fundi ataweza kulibadili. Likiwa limepigwa ribiti tu, kulibadili ni kazi zaidi.

Tena usijaribu sanduku tupu. Sanduku tupu hutembea vizuri kila mara, kama mtu asiye na deni. Tuliazima kwa duka la jirani mifuko miwili ya mchele, kila mmoja kilo 10, tukaiweka ndani ya lile la dhahabu, tukalivuta nje penye changarawe. Mpini wake ulitikisika kama jino bovu, na gurudumu moja likageuka kando likakataa kurudi. Tukaitia mifuko ile ndani ya la buluu. Nalo lilikwama-kwama kidogo, sitawaficha, lakini mpini ulisimama imara, na magurudumu yalirudi mahali pake. Kisha nikaliinua kwa kishikio cha juu na kulitikisa. Fanyeni hivyo, maana makuli na matingo hawana muda wa kutafuta magurudumu. Hushika kishikio kilicho karibu wakarusha.

Fundisho la tatu ni zipu. Masanduku mengi ya bei nafuu hufungwa kwa zipu ya meno ya plastiki. Ifungue na kuifunga mara kumi ukizungushia pembe zote, na ikikwama dukani, njiani itakushinda. Lakini hata ikiwa nzuri, msiitegemee kama ukuta. Ncha ya kalamu ya wino ikichomekwa kwa nguvu katikati ya zipu hiyo huweza kuifungua, na vichwa vya zipu vikikokotwa baadaye hurudisha meno kana kwamba hakuna aliyepita. Kwa sababu hiyo pasipoti, fedha, vyeti vya shule na dawa zisiwekwe ndani ya sanduku kubwa hata kidogo. Mwenye sanduku azibebe mwenyewe katika mfuko wa mkononi. Kadhalika betri za kuchajia simu hazikubaliwi katika mizigo ya chini ya ndege. Mahali pake ni mfuko wa mkononi.

Muuzaji akatuonyesha kufuli ya lile la dhahabu, yenye herufi TSA, akasema ndiyo sababu ya bei. Kufuli hiyo ina maana yake. Wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani wanazo funguo za kuifungua bila kuivunja. Kwa mtu aendaye Marekani yafaa. Kwa binti aendaye Pune kupitia Dar es Salaam na Mumbai, sikuona sababu ya kuilipia zaidi.

Nilipokwisha kueleza hayo yote, niligeuka nikaona dada bado ameshika lile la dhahabu. Macho yake yalikuwa mbali. Akasema polepole, "Mimi nilipoachia darasa la saba, nguo zangu zilikuwa zimefungwa katika kanga. Wenzangu wawili walikwenda sekondari na masanduku. Nakumbuka hata rangi zake."

Wasomaji wapenzi, hapo maneno ya plastiki na ribiti yaliniishia. Niliona kwamba sitaweza kumwomba aamini macho yangu ikiwa nimeficha jambo kwa miaka 14. Nikasema, "Dada, lile sanduku ulilonipa fedha ya maharage, lilipasuka siku ile ile. Halikufika chuoni likiwa zima. Nilikuandikia uongo."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga.

"Nilijua," akasema. "Ulipokuja likizo ya kwanza ulishuka katika basi na kiroba begani. Mtu mwenye sanduku zuri hashuki na kiroba. Sikukuuliza, maana ulikuwa umefaulu mtihani."

Mpwa wangu alikuwa kimya muda wote. Sasa akasema, "Mama, huko niendako hakuna anayenijua. Hawataniuliza sanduku langu ni rangi gani. Tuchukue la buluu. Inayobaki mnunulie Kaka mdogo tranka, naye mwezi wa kwanza anaingia kidato cha kwanza."

Dada aliliacha la dhahabu. Hakusema neno, lakini alilifuta kwa kanga mahali alipokuwa ameshika, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Tukalipa shilingi 85,000. Kisha tukapita kwa fundi bati, tukapata tranka la shilingi 60,000, lenye bawaba mbili na mahali pa kufuli. Zikabaki shilingi 5,000, tukanywa chai.

Na hapo, msomaji uliyeniandikia, ndipo penye jibu lako la kwanza. Ikiwa mwanao anakwenda shule ya bweni hapa nchini, usimnunulie sanduku la magurudumu, hata liwe rahisi namna gani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tranka la bati panya hawalitoboi, likibonyea fundi hulinyosha kwa nyundo, lina kufuli ya kweli, na mtoto huweza kulikalia akisoma. Kosa lake ni uzito, lakini litabebwa mara chache tu kwa mwaka. Sanduku la magurudumu lafaa kwa mtu wa safari ndefu, atakayebadili vyombo mara nyingi, na hasa wa ndege. Huyo tranka litamla kilo zake kabla hajatia hata shati moja.

Sasa tuje kwenye kilo, maana hapa ndipo wengi wanapolia uwanjani. Mashirika mengi ya ndege hupima mzigo mkubwa kwa kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo chake isizidi sentimeta 158, pamoja na magurudumu na vishikio. Mengine huruhusu zaidi. Soma tiketi yako, usisome ya jirani. Mzigo mmoja ukipita kilo 32, mashirika mengi hayaupokei kabisa kama mzigo wa kawaida, ili wapakiaji wasiumie migongo. Pima sanduku kwa utepe wa fundi cherehani kabla hujalipa. Letu lilikuwa na urefu wa sentimeta 76, upana 50 na kimo 30, jumla 156. Zilibaki sentimeta mbili tu.

Lakini mtego wa sanduku kubwa ndio ukubwa wake. Lina nafasi, na nafasi humwita mtu aijaze. Usiku ule dada alipakia yeye mwenyewe. Asubuhi tulilipeleka chama cha msingi, kwa mizani ile ile inayopima kahawa yetu, tukalining'iniza. Mshale ukasimama kwenye kilo 31. Tupu lilikuwa na kilo 4, kwa hiyo mzigo ulioruhusiwa ulikuwa kilo 19, na dada alikuwa ametia 27.

Tukalifungua pale pale juu ya turubai. Ulitoka unga wa mahindi kilo 3. Zilitoka sufuria mbili, na kinu kidogo cha mti. Zilitoka karanga, na maharage ya shamba la ngoro. Kila kitu kilipotoka dada alikishika kidogo kabla ya kukiweka chini, na karani wa mizani, aliyekuwa na watu wengine wa kuwahudumia, alitungoja bila kunung'unika. Nikamweleza dada kwamba kila nchi ina amri zake juu ya mbegu na vyakula, na maharage yale yangeweza kuchukuliwa uwanjani, na kwamba kila kilo inayozidi hulipiwa, pengine kwa fedha kupita thamani ya kitu chenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hupimwa. Mwisho mshale ulisimama kwenye kilo 22. Nguo zilibaki, na shuka, na vitabu viwili, na kanga mbili za dada, na pakiti ndogo ya kahawa iliyokaangwa, baada ya kuuliza kama inaruhusiwa.

Palikuwa na jambo moja zaidi, nami nalisema kwa wazazi wote. Siku ya kuondoka alitokea mtu, rafiki ya rafiki, akiwa na kifurushi kilichoshonwa vizuri, akiomba binti ampelekee ndugu yake huko mbele. Dada, kwa huruma, alikwisha kunyosha mkono. Nikakataa. Usimpakilie mwanao kitu ambacho hujakiona ndani, hata mleta awe mtu mpole kama njiwa. Uwanjani sanduku likifunguliwa, atakayeulizwa ni mwenye jina lililoandikwa juu yake. Wapo walioozea gerezani katika nchi za mbali kwa kifurushi cha namna hiyo. Yule mtu alinuna akaenda zake. Heri anune.

Kutoka nyumbani hadi barabarani sanduku halikuvutwa. Mdogo wake alilibeba kichwani, ili magurudumu yasianze safari na udongo ndani yake. Tulifunga kishikio chake kwa kipande cha kitenge cha kijani, lipate kujulikana kati ya masanduku mia ya buluu. Ndani, juu ya nguo, tuliweka karatasi yenye jina lake na simu. Hatukufunga nguo katika mifuko ya plastiki ya kubebea, maana katika nchi yetu imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Kanga ilifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Katika basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 900, nilisimama mwenyewe karibu na buti nikamwomba utingo aliweke limesimama wima, magurudumu chini, na viroba visilale juu yake. Akaguna, lakini alikubali.

Siku ya nne tulipata ujumbe katika simu. Amefika. Sanduku lina mkwaruzo mrefu ubavuni na pembe moja imepata alama, lakini halikupasuka, zipu ni nzima, na magurudumu yote manne yanazunguka. Nilimsomea dada ujumbe ule mara mbili. Akauliza kama mtoto amekula. Habari ya sanduku hakuiuliza tena.

Basi, hukumu yangu juu ya sanduku kubwa, gumu, la bei nafuu ni hii. Linafaa, ikiwa safari ni ya kweli na ndefu. Lisizidi sentimeta 158. Tupu lisizidi kilo 5. Likibonyezwa lirudi. Magurudumu yafungwe kwa skrubu, na yajaribiwe yakiwa na mzigo. Mng'ao usiulipie, na kufuli isiyokuhusu usiilipie. Usilitazamie likae miaka ishirini kama tranka la babu. Likifanya safari tano au sita likiwa zima, limelipa deni lake. Na kama katika ukoo wenu liko moja ambalo limelala juu ya kabati, azima. Si aibu. Sanduku halichakai kwa kuazimwa kama linavyochakaa kwa kulala juani.

Neno la mwisho ni kwa vijana mnaosafiri kwa jasho la watu wa nyumbani. Sanduku likivunjika, andikeni kwamba limevunjika. Wao watajua tu, siku mtakaposhuka na kiroba.

Juma lijalo, tukijaliwa uzima, nitajibu swali la mama mmoja juu ya kuweka maharage ghalani yasiliwe na wadudu. Wenye maarifa yao, nileteeni kabla ya siku ya Jumatano. Mlango wa ofisi mnaujua, na chini yake pana nafasi ya kutosha barua.

Wenu, Karani wa Parokia.